Pombe isiyoandikwa kwenye kadi ya kliniki

Siku mbili tatu kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, barabara ya Bagamoyo hujaa magari kuanzia Tegeta. Watu wanavunja jungu. Kwa wengi ni pilau, watoto na ufukwe, na singeli mpaka usiku wa manane. Kwa baadhi ni chupa. Wanakunywa kwa usiku mmoja kile ambacho kingewatosha wiki mbili, maana keshokutwa mlango unafungwa. Mwezi ukionekana wanaacha. Idd ikifika wanarudi kwa kishindo. Bagamoyo ni mji wa misikiti na madrasa, na kunywa hapa ni jambo la vichochoroni, la baada ya giza. Aibu hiyo inawaokoa wengi wasinywe kabisa. Kwa wanaokunywa, inabadilisha tu namna wanavyokunywa: haraka haraka, kwa wingi, na kwa vipindi.

Moyo hauvumilii unywaji wa namna hiyo. Mwaka 1978, Dk. Philip Ettinger na wenzake huko New Jersey, Marekani, waliandika kuhusu wagonjwa 24 waliofikishwa hospitalini mioyo yao ikipiga ovyo, wengi wao baada ya wikendi au sikukuu za mwisho wa mwaka. Wote walikuwa wanywaji wazuri. Madaktari wakauita ugonjwa ule moyo wa sikukuu, na jina hilo likabaki vitabuni. Kinachotokea ni kwamba vyumba vya juu vya moyo, badala ya kukaza na kulegea kwa mpangilio, vinatetemeka. Damu inatuama humo, inaweza kuganda, na kipande cha damu iliyoganda kikichomoka kikapanda kwenye ubongo, mtu anaamka upande mmoja wa mwili hauna kazi. Mtaani watasema kapigwa na upepo mbaya, au kuna mtu kamfanyia.

Wajerumani walikuja kulipima jambo hili mahali ambapo hakuna anayeona haya kunywa. Mwaka 2015 watafiti walibeba vipimo vya umeme wa moyo mpaka kwenye tamasha kubwa la bia la Munich, wakawapima watu 3,028 waliojitolea, glasi zikiwa mkononi. Karibu theluthi moja, asilimia 30.5, mapigo yao yalikuwa na kasoro. Kwa wengi ilikuwa ni kwenda mbio tu, hali inayopita. Lakini kadiri kileo kilivyozidi kwenye pumzi zao, ndivyo mvurugiko ulivyozidi, na hawa walikuwa watu wazima wa afya waliokwenda kujifurahisha.

Kuacha ghafla nako kuna hatari yake, na hili halisemwi vya kutosha katika mawaidha ya kuukaribisha mfungo. Aliyezoea kunywa sana kila siku, kwa miezi au miaka, ubongo wake umeshajipanga kufanya kazi pombe ikiwemo. Ikiondolewa kwa siku moja, mikono inatetemeka, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio. Ndani ya siku mbili anaweza kupata degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka, wakaona wadudu ukutani na watu wasiokuwepo. Familia humwita mganga kwa kuamini kwamba ni majini, na kwa kweli ukimtazama mtu katika hali hiyo huwezi kuilaumu sana. Ni hali inayoua, na hospitali ina dawa zake: dayazepamu ya kutuliza ubongo, na vitamini B1, ambayo mwili wa mnywaji huwa umeikosa. Anayetaka kuacha kwa ajili ya mfungo, na ambaye asubuhi hawezi kushika kikombe cha chai bila kutetemeka, aende akaonane na daktari wiki mbili kabla, asisubiri usiku wa mwezi kuandama. Kwenda huko hakupunguzi toba yake hata kidogo.

Na kinachonywewa ni nini? Ukitoka Mapinga na Kerege, ukapita Zinga na Kaole, mpaka upande wa pili wa Ruvu kuelekea Saadani, kinywaji cha zamani ni mnazi. Mgema anapanda asubuhi na jioni na kotama yake, anachonga panda, anashusha kibuyu. Tembo la asubuhi ni tamu, karibu ni juisi. Chachu ya hewani huanza kazi papo hapo, jioni limeshakuwa kali, lenye kileo cha asilimia nne au tano kama bia; likilala siku kadhaa linageuka siki. Juu yake kuna gongo, lililopigwa marufuku kwa sheria tangu miaka ya 1960 na ambalo watu wamelipa majina mengi, machozi ya simba na supu ya mawe yakiwemo. Halafu kuna pombe za kiwandani. Viroba, yaani pombe kali ya vipakiti vya plastiki, vilizuiwa kuanzia tarehe 1 Machi 2017 kwa agizo la Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa. Vilikuwa rahisi, vinaingia mfukoni, hata mtoto wa shule aliweza kuvimudu. Nafasi yake ikashikwa na vichupa bapa, vibapa.

Hapa ndipo hesabu inapotudanganya. Mtu akiulizwa anakunywa kiasi gani, atasema moja mbili. Shirika la Afya Duniani, WHO, linahesabu kwa gramu za kileo chenyewe, na linaita unywaji wa kupindukia pale mtu anapofikisha gramu 60 kwa mkao mmoja. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia tano ina gramu 20 hivi. Kwa hiyo bia tatu zinatosha, na bia tatu katika baa yoyote ya Bunju huitwa kuonja. Kibapa cha mililita 200 cha Konyagi, yenye asilimia 35, kina gramu 55. Lita ya mnazi wa jioni ina kama gramu 35, na nani aliyekwenda kwenye kilabu cha mnazi akanywa lita moja akaondoka? Mvuvi aliyekesha baharini na taa za dagaa, akafika nchi kavu alfajiri hajala, akamaliza kibapa na makopo mawili ya mnazi kabla ya kulala, ameshavuka kiwango hicho. Kwake mwenyewe amekunywa kidogo tu ya kuondoa baridi.

Madaktari wa Munich waliujua moyo wa mnywaji mapema sana. Mwaka 1884 Otto Bollinger, aliyekuwa akipasua maiti mjini humo, aliandika kuhusu mioyo mikubwa isiyo ya kawaida aliyoikuta kwa wanywaji wa bia. Kwa hesabu za wakati huo, mkazi wa Munich alikuwa akinywa lita 432 za bia kwa mwaka, wakati kwingineko Ujerumani ilikuwa lita 82. Novemba ya mwaka huohuo wa 1884, Mjerumani mwingine, Carl Peters, alivuka kutoka Unguja akashuka Saadani, akaelekea Usagara kuwatilisha saini watawala wa huko kwenye mikataba ambayo hawakuweza kuisoma. Aliandika mwenyewe kwamba kileo kilitangulia karatasi. Miaka sita baadaye, mwaka 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalikubaliana kubana uuzaji wa pombe kali kwa Waafrika, kwa maelezo kwamba inawaharibu. Waliokuwa wakiwanywesha na waliokuja kuwakataza walikuwa watu wa meza moja.

Moyo aliouona Bollinger tunauona mpaka leo. Anayekunywa zaidi ya gramu 80 kwa siku, sawa na bia nne za nusu lita, kwa miaka mitano na kuendelea, anauweka msuli wa moyo katika hatari ya kudhoofika na kutanuka. Kileo chenyewe na sumu inayotokana nacho mwilini, asetaldehaidi, vinaharibu chembe za msuli. Moyo unakuwa kama raba iliyovutwa mara nyingi mno: mkubwa, lakini hausukumi. Maji yanajaa miguuni, kisha tumboni, kisha kwenye mapafu, na mgonjwa anashindwa kulala bila kuegemea mito. Ukosefu wa vitamini B1 unaweza kuleta uvimbe wa namna hiyohiyo, na huo hupungua haraka vitamini ikirudishwa. Hata ule wa pombe yenyewe una tofauti moja na magonjwa mengi ya moyo: akiacha mapema, au hata akipunguza sana, moyo wa mtu unaweza kupata nguvu tena. Si magonjwa mengi ya moyo ambayo daktari anaweza kuyasemea hivyo.

Wagonjwa wa pwani hii hali ikizidi hupelekwa Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza kujitegemea mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili. Kikwete ni mtoto wa Msoga, Chalinze, katika wilaya ya Bagamoyo. Muhimbili nayo ina deni kwa mji huu: Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo aliyekuwa akiandaa misafara ya bara, ndiye aliyetoa fedha za hospitali iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1897, ambayo Muhimbili inahesabiwa kuwa mrithi wake. Hapo Muhimbili, Dk. Abel Makubi na wenzake walifuatilia wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kufanya kazi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Wastani wa umri ulikuwa miaka 55. Ulaya ugonjwa huu ni wa watu wa miaka sabini na kitu. Chanzo kikubwa, kwa karibu nusu yao, kilikuwa shinikizo la damu. Magonjwa ya msuli wa moyo yalifuata, zaidi ya robo.

Presha, basi. Nayo ni mahali pombe inapojificha vizuri kuliko pote. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta mtu mmoja kati ya wanne, wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ana shinikizo la juu. Utafiti wa awali zaidi uliofanyika Ilala, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba chini ya mmoja kati ya watano waliokuwa na presha ndio waliojua kuwa wanayo, na walioidhibiti hawakufika hata mmoja kati ya mia. Na kiharusi, mtoto wa presha, kilipohesabiwa Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006, kilitokea kwa watu wapatao 316 kwa kila 100,000 kwa mwaka baada ya kusawazisha umri, kiwango cha juu sana popote duniani. Chumvi ina sehemu yake, unene una sehemu yake. Pombe pia. Watafiti waliojumlisha majaribio 36 mwaka 2017 walikuta kwamba wanywaji wa zaidi ya vipimo sita kwa siku waliopunguza kwa nusu walishusha presha yao ya juu kwa zaidi ya pointi tano. Kuna vidonge ambavyo havifanyi zaidi ya hapo.

Sasa tutoke kwenye kliniki ya presha, tuvuke uwanja, twende kwenye dirisha la kifua kikuu. Hatua ni chache, lakini ni idara nyingine, na daftari lake ni jingine.

Tanzania imo katika orodha ya WHO ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. Anayekunywa zaidi ya gramu 40 kwa siku, bia mbili tu za nusu lita, ana uwezekano wa kuugua TB kama mara tatu kuliko asiyekunywa hivyo. Hilo lilijulikana vizuri tangu tafiti nyingi zilipojumlishwa mwaka 2008. Wengi hudhani sababu ni umaskini wa walevi na kutokula kwao. Umo, lakini si huo peke yake. Vinyweleo vidogo vinavyofagia uchafu kwenye njia ya hewa vinalegea kwa kileo. Seli zinazokaa ndani ya mapafu, ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu, zinameza kwa uvivu. Kikohozi chenyewe kinalala usingizi mzito wa ulevi, na mate au matapishi yanashuka mahali yasipotakiwa; ndiyo maana nimonia ya mlevi ni ugonjwa ambao madaktari wameuandika tangu karne ya 18. Hata kijana mzima hayuko salama kwa usiku mmoja. Mwaka 2015 watafiti wa Chicago waliwanywesha watu 15 wenye afya njema mpaka kulewa, wakawapima damu. Dakika 20 baadaye kinga yao ilikuwa imechachamaa. Saa mbili na saa tano baadaye ilikuwa imeshuka chini ya kawaida, na baadhi ya chembe nyeupe muhimu zilikuwa zimepungua.

Kuna jambo la kilabu la kusahihisha hapa. Wazee wengi huamini TB hupatikana kwa kunywa kopo moja. Haipatikani hivyo. Kopo la pamoja linaweza kuleta kuhara, hata kipindupindu, lakini kifua kikuu husafiri kwa hewa. Kilabu cha wazi chini ya minazi, chenye upepo wa bahari, si hatari sana. Chumba cha nyuma chenye dirisha lililozibwa kwa gunia ili majirani wasione, watu kumi wamekaa humo saa nne, mmoja anakohoa, hicho ndicho cha kuogopa. Na kwa mji unaokunywa kwa kujificha, vyumba vya namna hiyo havikosekani. Siri yenyewe ina sehemu katika maambukizi.

Mgonjwa akigunduliwa, dozi ni ya miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa minne. Isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zote zinaweza kuumiza ini, na ini la mnywaji limeshaumia. Wengine huacha vidonge siku wanazokunywa kwa kuogopa kuchanganya, na hivyo hivyo hufanyika kwa ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, jambo lililoandikwa na watafiti katika nchi kadhaa. Nia ni njema, matokeo ni mabaya: dozi inayokatwakatwa inawapa vijidudu nafasi ya kuzoea dawa. Kwa ARV, madaktari wengi wangependa mtu aliyekunywa ameze kidonge chake kuliko akiache. Na katika Afrika TB ndiyo sababu kubwa ya maji kujaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo. Hapo mlevi mmoja hufikiwa kwa njia zote mbili: msuli ulioharibiwa na pombe, na mfuko uliojaa maji kwa maambukizi ambayo pombe ndiyo iliyoyafungulia mlango.

Bagamoyo, kwa bahati, ni mji unaojua kupima maambukizi. Kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara kilichopo hapa kilikuwa miongoni mwa vituo 11 barani Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014, kikashiriki tena katika chanjo ya R21. Vyandarua na dawa za mbu hupimwa papa hapa. Kwa hiyo wasomaji wa huku huenda wakafurahia, au wakakasirika, kusikia kwamba huko Burkina Faso mwaka 2010 ilionyeshwa kuwa mbu anayeeneza malaria huvutiwa zaidi na mwanamume aliyetoka kunywa bia ya kienyeji kuliko aliyekunywa maji.

WHO ilikadiria kwamba mwaka 2019 pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani: 474,000 vya moyo na mishipa ya damu, 284,000 vya magonjwa ya kuambukiza, vingine vya ajali, saratani na ini. Ukitafuta vifo hivyo kwenye daftari la hospitali ya wilaya utakuta presha, utakuta kiharusi, utakuta TB, utakuta nimonia. Pombe hutaiona. Kwenye kadi ya kliniki kuna uzito, kuna presha, kuna tarehe ya kurudi. Mara nyingi hakuna aliyeuliza, na aliyeuliza amejibiwa hapana, kwa sababu muuguzi ni binti wa jirani, benchi limejaa, na mzee mwenye kanzu hawezi kutaja mnazi mbele ya watu waliosali naye Ijumaa. Mimi simlaumu mzee huyo. Namlaumu zaidi aliyepanga swali hilo liulizwe penye masikio ya watu.

Moshi wamejaribu njia nyingine. Katika hospitali ya KCMC, watafiti walichukua maswali kumi ya WHO ya kupima unywaji, wakayaweka kwa Kiswahili, na mwaka 2018 wakachapisha ushahidi kwamba yanafanya kazi kwa wagonjwa wa Kitanzania. Kisha wakaanzisha mpango uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako: muuguzi anakaa na aliyeletwa kwa majeraha, wanazungumza kwa muda mfupi bila kukaripiana, na baadaye mgonjwa anatumiwa ujumbe kwenye simu. Uchaggani mbege hainywewi kwa kificho, hivyo kazi yao ilikuwa rahisi kidogo. Pwani itahitaji chumba chenye mlango. Itahitaji swali hilo liwepo kwenye kadi ya presha na kwenye kadi ya TB, na liulizwe na mtu ambaye hafahamiani na mkwe wa mgonjwa.

Swali la kwanza kati ya yale kumi linauliza tu ni mara ngapi mtu hutumia kilevi, na jibu la kwanza la kuchagua ni kwamba hatumii kabisa. Wengi Bagamoyo watachagua hilo, na wengi wao watakuwa wakweli. Kwa waliobaki, muuguzi anayeijua pwani atauliza tena mlango ukiwa umefungwa, safari hii akihesabu kwa kopo na kwa kibapa.